Fundi Sindano na Vita vya Jibini Kuukuu

Nyamazeni, enyi mlioketi na mliosimama, wekeni vijiko chini, maana vita vimekwisha kuanza nasi tumechelewa: Dada Mkubwa, malkia wa jiko, mkono mmoja kiunoni na mwingine kwenye mlango wa friji, amekwisha kumwita mdogo wake punguani mara mbili, na ya tatu iko njiani.

Mdogo mtu ndiye shujaa wetu, Fundi Sindano, mshona suti, mshinda vitambaa vikaidi, bwana wa cherehani tatu ambazo mbili zinafanya kazi. Mkononi ana kipande cha mkate, na juu ya mkate, hapa ulimi wangu unaingiwa na uzito, imelazwa jibini iliyokaa ghalani miezi kumi na minane, ngumu, ya manjano, ambayo harufu yake ilitangulia sebuleni kama mpiga baragumu. Mteja alimletea kama shukrani ya koti la harusi.

Na ijulikane kwa vizazi kwamba Fundi alikuwa anatumia dawa ya sonona, ile ya aina ya zamani ambayo daktari huitoa nyingine zikishindwa. Kabla yake alilala mwaka mzima akiutazama ukuta. Dawa ndiyo iliyomwinua, akashona tena, akacheka tena, akagombana tena na dada yake, jambo ambalo dada alilishukuru kwa machozi jikoni. Ila ilikuja na masharti: jibini kuukuu, soseji za kukaushwa, mchuzi wa soya na bia ya pipa visivuke meno yake, kwani vikikutana na dawa hiyo presha hupanda ghafla, na mtu anaweza kufa.

Fundi hakuwa amesahau. La, yeye alikuwa na mbinu, na aliitangaza kwa sauti ya jemadari aliyefungua lango la nyuma jeshi moja litoke ili jingine liingie kwa mbele.

"Dada, mimi si mjinga. Leo asubuhi sikumeza. Dawa haimo, jibini inapita, kesho narudi kwenye ratiba."

Dada Mkubwa aliufunga mlango wa friji.

"Umeacha kidonge kwa ajili ya jibini," alisema. "Weka huo mkate chini tumpigie mfamasia. Akikuruhusu, nitakukatia kipande cha pili mwenyewe."

Silaha zikawekwa chini. Simu ikasimamishwa mezani kati ya chumvi na sukari, sauti ikiwa wazi, na mfamasia, mama mwenye subira ya mlima, akauliza kwanza kama mgonjwa ameonja. Fundi akakiri kunusa, kwa kirefu, mara kadhaa. Akaambiwa kunusa hakuhesabiki.

"Lakini dawa hiyo haitoki kwa kuruka siku moja, Fundi," akaendelea. "Hata ungeiacha leo kabisa, kazi yake inabaki mwilini wiki mbili. Na usiiache bila daktari wako. Saa zilizopita ni chache, kwa hiyo meza kile cha asubuhi sasa hivi. Kimoja, si viwili."

Ndipo vita vikahamia ndani ya kifua cha shujaa. Pua ilishambulia kutoka kaskazini, ulimi ukazingira kusini, tumbo likapiga ngoma. Wiki mbili bila kidonge! Fundi aliuona ule ukuta, aliokuwa akizijua nyufa zake zote, ukimsubiri kwa utulivu wa mwenye nyumba. Akasimama wima.

"Ewe jibini," akanena, "u mzuri, na ningekufa kwa ajili yako, na hilo ndilo tatizo."

Akaibeba kwa mikono miwili hadi mlango wa pili, kwa mwalimu mstaafu. Akamuuliza anatumia dawa gani; akajibiwa hana dawa yoyote, ana miwani tu. Akamkabidhi yote, na mkate ulioguswa nayo, asingoje shukrani. Akarudi, akanawa mikono hadi viwiko.

Basi na iandikwe, enyi wenye kalamu, kwamba saa saba na robo mchana, mbele ya dada yake na bila tarumbeta, Fundi Sindano alimeza kidonge kimoja kwa maji ya bomba, akafungua kinywa kukaguliwa, na kikaonekana kitupu.