Jino Lililong'olewa Katika Seti ya Tatu

Ndugu Msimamizi wa Kliniki ya Meno,

Salamu za heshima zitangulie. Mimi ni mpiga tarumbeta wa bendi ya harusi. Ninaandika kwa mkono mmoja kwa kuwa wa pili umeshika shavu.

Malalamiko yangu yanamhusu daktari wako, yule mrefu mwenye miwani. Ni mtu mwema, ila ana mchezaji wake wa tenisi anayemshabikia. Humwita Binti Kushoto, kwa vile hushika raketi kwa mkono wa kushoto. Siku za mechi huisimamisha simu kwenye trei, kati ya koleo na pamba, ili asipitwe na matokeo. Yaliyonisibu ni haya:

1. Tarehe nne nilikuja na gego linaniuma. Binti Kushoto alikuwa anaongoza. Nilichomwa sindano kwa upole hata nikasinzia, na gego likatoka kama kokwa ya tende. Sina lawama.

2. Wiki iliyofuata nilirudi kwa gego la pili. Safari hii alikuwa amepoteza seti ya kwanza. Nilikaa kinywa wazi dakika ishirini na tano. Nilipoguna, daktari aliniambia, "Subiri kidogo kaka, anaanzisha mpira." Nikasubiri. Mtu mwenye kioo mdomoni atabishana na nani?

3. Seti ya tatu, wakiwa sare, daktari aling'oa. Kilichotoka ni chonge, zima, jeupe, ambalo halijawahi kunikosea adabu. Gego bovu limebaki palepale. Daktari alilitazama jino, akaitazama simu, akasema, "Pole sana. Ameshindwa." Mpaka leo sijui pole ile ilikuwa ya nani.

4. Jumamosi tulipiga harusini. Tarumbeta ikatoa mluzi kupitia kwenye pengo, bwana harusi akageuka kutazama nani anamwita. Kiongozi wa bendi, ambaye ni shemeji yangu, amenihamishia kwenye manyanga. Manyanga, ndugu msimamizi, baada ya miaka kumi na tisa ya tarumbeta.

Kwa hiyo naomba ratiba ya mechi za Binti Kushoto ibandikwe mlangoni. Wagonjwa wa meno ya mbele wapangiwe siku anazokutana na wachezaji dhaifu. Akikutana na bingwa, wapokelewe wa kusafishwa tu. Siku ya fainali kliniki ifungwe. Hayo yakishindikana, waandikieni waandaaji wa mashindano wampe wapinzani wa kiasi, kwa faida ya vinywa vya umma.

Msidhani nasema ovyo. Nimefungua daftari. Katika mechi kumi na moja ameshinda nane, na udhaifu wake ni mipira ya juu upande wa kulia, jambo ambalo daktari hataki kulikubali.

Nisalimieni dada wa mapokezi, mlinzi wa getini, na wote waliokaa kwenye benchi, hasa ambao meno yao bado yametimia.

Wako mwenye pengo,
Mpiga Tarumbeta (kwa sasa Manyanga)

Tanbihi: Alhamisi saa nane mchana ni nusu fainali ya mashindano mapya. Naomba nafasi saa hiyohiyo. Gego limeacha kuuma, ila mke wangu amepiga marufuku tenisi nyumbani, na kile kiti chenu kinaiona simu vizuri. Mkinipa daktari mwingine, nitalalamika.