Kitu Kilichozikwa Kwenye Mchicha Wangu

Jamani, leo nimejiaibisha mpaka natamani kuhama Magamba.

Nilikuwa msibani Kapalamsenga wiki nzima. Huku nyuma kiangazi kimekausha hadi magugu. Bustani yangu haijui dawa wala mbolea ya dukani, ni samadi ya mbuzi na majivu tu, na ndiyo inayolisha wanangu. Mume wangu hajawahi kumwagilia hata jani. Njia nzima nilijua narudi kuzika mchicha.

Nimefika asubuhi. Nyumbani kimya, mlango umerudishiwa tu. Nikazunguka nyuma. Mchicha umesimama, mbichi kabisa! Udongo juu ni vumbi tupu, hakuna hata tone. Nywele zikanisisimka.

Halafu nikasikia: huuuu. Upepo ukitulia, kimya. Ukivuma, huuuu. Sauti inatoka ardhini. (Mimi huyu ninayewaambiaga nyie uchawi haupo.)

Nikafukua kwa mikono. Chungu! Kimezikwa mpaka shingoni, kimefunikwa kigae chenye tundu. Nikafunua. Ndani maji meusi, na uso unanitazama. (Ulikuwa wangu. Hilo nimelijua baadaye.)

Nikapiga yowe. Jirani yangu Mama Jeni akaja mbio na rozari, na nusu ya jumuiya nyuma yake.

"Viko vingine, mama! Kimoja hiki hapa!" mmoja wao akaniita.

"Vunja! Usiguse kwa mkono!" Mama Jeni akaamuru.

Nikashika jembe. Kila nikivunja kimoja, maji yanamwagika na kuzama palepale. Kwenye cha tano nikapaza sauti: "Aliyevizika, vimrudie!"

"Amina!" wakaitikia wote.

"Vimrudie nani, mwanangu?"

Tukageuka. Mama mkwe wangu wa Usevya, anayekuja kwangu mara ya kwanza tangu niolewe, amesimama na ndoo ya maji kichwani. Kumbe alifika Jumatatu, akakuta mboga zinakufa, akanunua vyungu na kuvizika ili maji yapenye taratibu mpaka kwenye mizizi. Mume wangu akamwambia wasiniambie, iwe sapraizi.

Mama Jeni akakumbuka ameacha maharage jikoni. Wote wakakumbuka maharage.

Mama mkwe akatua ndoo, akakitazama chungu pekee kilichobaki.

"Na hiki unakivunja, au tunakiombea kwanza?"

Sasa hivi nachota maji kisimani, safari ya saba. Yeye amekaa kivulini, ananiangalia tu. Naona aibu jamani.

Anayetaka kucheka, aje na ndoo.