Kiti cha Mbele na Simu ya Turdali

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeficha umri wangu wa kweli kwa miaka sitini. Daktari hadhani nitaumaliza msimu wa baridi, basi nitaungama humu. Si leo. Leo kuna suala la gari.

Mwanangu Ulmas amenunua gari lenye skrini. Kwa kuwa vyeti vyasema mimi ni mkubwa kuliko Turdali, baba wa mkwe wangu Hafiza aliye mke wa Ulmas, mimi hukaa mbele, humega mkate, huomba dua. Turdali huniita kaka na kukaa nyuma. Lakini simu yake ndiyo iliyounganishwa kwanza. Gari likiwaka tu, skrini inaandika “Simu ya Turdali” mbele ya pua yangu, na nyimbo zake zinaanza.

Jumanne, 7

Nimejifungia garini, eti natafuta miwani. Nikaifuta simu ya Turdali. Gari likauliza kama nina hakika. Ninayo. Kuunganisha yangu kumekula saa nzima: gari linatoa tarakimu sita, nikishazisoma zimebadilika. Mwishowe: “Simu ya Mwalimu Nosirjon”. Chozi limenitoka.

Jumatano, 8

Balaa. Ulmas anataka kunifanyia sherehe ya kuzaliwa, na ameomba hati yangu ya zamani ya kuzaliwa kwenye ofisi ya kumbukumbu. Muattar wa pale nilimfundisha jiografia. Nimemwomba akiipata aipoteze kwa adabu, kisha anipigie mimi peke yangu.

Ijumaa, 10

Tumekwenda mji wa Margilan, kwenye pilau ya harusi. Turdali akauliza mbona simu yake inakataliwa. Nikasema vyombo vya siku hizi havina heshima kwa wazee. Hafiza akaniuliza, “Baba, ile miwani uliyoitafuta garini si ilikuwa puani?” Sikumsikia.

Simu yangu ikalia. Nikaiweka sikioni; sauti ikatoka kwenye spika za milango yote minne. “Mwalimu, hati nimeipata. Kumbe ulijiongezea miaka miwili! Niipoteze kama ulivyosema?”



“Jibu basi, kaka,” Turdali akasema kutoka nyuma. “Binti wa watu anangoja.”

Nikasema amekosea namba.

“Ni mimi Muattar, Mwalimu. Yule wa dawati la mbele.”

Kwenye pilau, Turdali alinisogezea mkate niumege. Nikaumega.

Jumapili, 12

Tunakwenda kwa shangazi yake Hafiza. Turdali amekuja na tikiti kubwa la zawadi, akamwomba Ulmas amuunganishie simu upya. Kisha akanishika mkono hadi garini, akanifungulia mlango wa mbele. “Taratibu, kaka.” Hakutaja lolote. Mtu akifanya hivyo, mwenzake afanye nini?

Wote wamerudi ndani kumalizia chai. Nimeifuta tena simu yake. Gari limeuliza kama nina hakika.

Nilizaliwa mwaka 1946. Turdali ananizidi mwaka mmoja. Naandika haya nikiwa kiti cha mbele.