Draya Tano Huhesabiwa Moja

Jumatatu, 3 Machi
Mwenye jengo kanikabidhi kazi ya maana: kuchagua bodi mpya ya umeme, lile sanduku la chuma lenye breka zinazogawa umeme kwa maduka na ofisi zote. Ya zamani inanuka plastiki iliyoungua. Miaka sita ya usimamizi, hatimaye naaminiwa. Furaha ya nusu saa. Kaja shemeji, mume wa dada yangu, fundi umeme. Kasema tutataka bodi ya njia arobaini na mbili, kila njia na breka yake. Koridoni haikai. Inataka chumba, na mbele yake ibaki mita nzima ya kusimama fundi. Nikauliza chumba kipi. Akaitazama ofisi yangu. Yenye dirisha!

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana. Bodi ndogo, njia ishirini na nne, inakaa koridoni bila shida. Ni mahitaji tu yapungue kwenye karatasi. Fomu za wapangaji kuorodhesha vyombo vyao vya umeme nimezizungusha mwenyewe. Mama wa saluni nimemweleza kwamba draya tano za kukaushia nywele zikiwa chumba kimoja huhesabiwa moja. Daktari wa meno nimemwambia mashine zake ni za tiba, haziandikwi. Mwoka mikate akauliza kama oveni ni chombo au fanicha. Nikamwachia aamue mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kasoma fomu, kakunja uso. Akauliza kama jengo hili linatumia mishumaa. Nikasema wapangaji wetu ni watu wa kubana matumizi. Akataka pia nafasi za akiba kwa ajili ya wapangaji wajao. Nikasema limejaa, hakuna wajao.
"Shemeji," akasema, "umeme hausomi fomu."
Kakataa kuifunga bodi ndogo. Na aende. Yupo fundi mwingine, asiyeuliza maswali. Karani wa chumba cha pili, tunayemwita Mihuri kwa vile hugongea muhuri kila karatasi, alisikia yote akatabasamu. Chumba chake ni kikubwa kuliko changu. Hakuna aliyekitazama.

Jumamosi, 8 Machi
Bodi imefungwa koridoni. Mlango wa kioo, kama kabati la vyombo. Fundi hakuuliza lolote, hata swichi kuu iko wapi. Alionyeshwa na Mihuri.

Jumatatu, 10 Machi
Saa nne breka imeruka. Nikairudisha. Ikaruka. Saluni, vichwa vitano chini ya draya tano. Kisha oveni ikawashwa, na kumbe si fanicha. Swichi kuu ikakata, jengo zima kimya. Mzee mmoja alikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno, jino limechongwa nusu. Kashuka ngazi kashika shavu, akauliza kwa taabu msimamizi ni nani. Nikamwelekeza kwa Mihuri.

Jumanne, 11 Machi
Mwenye jengo kaja na shemeji. Mama wa saluni hakunisitiri hata kidogo. Kaeleza hesabu yangu ya draya neno kwa neno. Shemeji kafungua bodi, kanionyesha waya ulioanza kuyeyuka. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma.
"Ungeshika moto," akasema, "na mama wa watu yuko juu na wateja wake."
Nikaurudishia mlango wa kioo.
Wapangaji wamekiri vyombo vyote. Sasa ni bodi ya njia arobaini na nane. Ofisi yangu imekwenda yote. Dirisha nalo limechukuliwa, eti bodi inahitaji hewa. Mimi sihitaji.

Ijumaa, 14 Machi
Meza yangu iko chini ya ngazi. Kila anayepanda anapita juu ya utosi wangu. Nimekaa nikafikiri sana, nimekiona kosa langu: kupunguza. Leo mwenye jengo kataja jenereta, nayo itataka bodi yake. Nimejitolea kuzungusha fomu. Safari hii naongeza. Mwoka mikate ana oveni sita, daktari wa meno viti kumi na moja. Mihuri alipokwenda kunawa mikono nimepima chumba chake kwa futi. Jenereta na bodi vinaingia barabara. Na huku chini ya ngazi, tukibanana, meza ya pili inakaa.