Ufunguzi wa Njia ya Malkia

Mamlaka ya Matembezi ya Mbao inayo furaha kulitangazia taifa kwamba msitu wa kale wa mto Tana, hapa Garissa, sasa unatembeleka. Karne nenda karne rudi mikuyu ile imesimama bila usimamizi wowote. Leo ina njia ya mbao, ina kamati, na ina mimi, Abdijabar, Afisa Uhusiano.

Jina la njia lilipatikana kitaalamu. Mkurugenzi wetu, aliyeletwa kutoka Nairobi, aliwauliza wafugaji pale panaitwaje. Wakamwambia ni malka. Kila mtoto wa huku anajua malka ni mapito ya mifugo kwenda kunywa mtoni. Mkurugenzi akasikia malkia. Akafurahi kupindukia, akaagiza kibao cha NJIA YA MALKIA, na mbao zikalazwa juu ya mapito yenyewe, seng'enge huku na huku. Mimi sikumsahihisha. Mkubwa akikosea, lililokosea ni neno.

Hapo ndipo Weris alipoanza kutusumbua. Mama huyu anafuga mbuzi, na mbuzi wake, kwa ukaidi tu, hutaka maji hata wakati wa ukame. Nilimweleza kwa upole kwamba wanakaribishwa, mradi wajisajili mtandaoni na wasitumie kwato.

"Abdijabar, walaal, ndugu yangu," akasema, "malka ingine iko mbali. Mbuzi itakufa njiani."

Nikamwambia maoni yake yamepokelewa. Wiki hiyo mbuzi wakaanza kufa. Ofisini kwetu hiyo huitwa changamoto.

Siku ya ufunguzi Mkurugenzi alitaka makofi. Nikamshauri atamke jina la njia kama wenyeji, apendwe. Akapanda kwenye mbao na suti yake mpya, mbele ya kamera na askari, akanguruma:

"Kuanzia leo, hapa ni malka. Ni malka milele. Atakayeiziba, hata awe mkubwa namna gani, akamatwe papo hapo."

Sijawahi kusikia makofi kama yale. Hata mimi nilipiga, mpaka nikatambua alichokuwa amesema.

Weris akaswaga mbuzi wake waliobaki hadi kwenye seng'enge, akamwendea Afande Abdiwali, kijana wa kifugaji kutoka Bute, aliyelelewa kwa maziwa ya mbuzi. Hakupaza sauti.

"Afande, umesikia amri. Mbuzi yangu haina mahali ya kubita. Malka imezibwa."

"Na nani?"

Weris akamwonyesha yule aliyesimama juu ya mbao.

Abdiwali akatoa pingu. Mkurugenzi akanitazama mimi. Mimi nikatazama mikuyu, ambayo kusema kweli inapendeza. Yeye akajitetea kwamba amri haimhusu aliyeitoa. Mwandishi mmoja wa habari akamuuliza ilimhusu nani basi, na kamera zilikuwa zikirusha moja kwa moja. Mkurugenzi akavua koti. Akakata seng'enge, akapiga magoti, akaanza kung'oa mbao kwa mikono yake, huku mbuzi wakimkanyaga vidole kuwahi maji.

Nimehudhuria ufunguzi wa njia nyingi katika utumishi wangu. Hiyo ndiyo ya kwanza iliyofunguka.