Daktari Eliakunda na Vita vya Muhuri wa Nangara

Njoni, enyi wenye masikio mawili, na mwenye moja naye asogee! Zimeni redio, epueni sufuria, maana nawasimulia vita alivyopigana Daktari Eliakunda, simba wa mimbari, bingwa wa mataifa yote yaliyo chini ya jua, katika mwaka wa tatu tangu Mkoa wa Manyara ukatwe ubavuni mwa Arusha. Mimi nilikuwepo. Anayebisha aje Bagara tubishane, nipo kila siku.

Shujaa huyu alitufundisha Uraia wa Dunia katika tawi la chuo kikuu lililopanga ghala la alizeti. "Binadamu hana mpaka!" alinguruma kila Jumatatu, na vumbi likaporomoka darini kwa hofu. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, na sote tulimwamini, kwa kuwa aliijua miji mikuu ya dunia nzima kwa kichwa, hata ya visiwa vidogo kuliko kijiji chetu cha Mutuka.

Ikawa siku ya Ijumaa mkuu wa tawi akatoa tamko: mkataba wa Daktari hausainiwi upya mpaka alete barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa anakoishi, na ailete siku hiyo hiyo. Bila barua hana kazi, na somo letu linakufa naye.

"Barua tu?" akacheka shujaa. "Enyi vijana, nifuateni mkaone raia wa dunia akitambuliwa!"

Tukashuka naye mtaani kwake Nangara, jeshi la watu kumi na watatu, ndala zikipiga kama ngoma za vita. Mlinzi wa muhuri, Mwenyekiti Damiani, tulimkuta nyuma ya meza iliyoegemezwa tofali.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Unaishi mtaa huu?"

"Huu mwezi wa saba tangu nihamie. Nyumba yenye geti la bluu."

"Haya, nitajie jirani yako mmoja, aje aseme anakufahamu. Ndio utaratibu wetu."

Lo! Upanga ukakwama alani. Daktari akatazama dari, akatutazama sisi, akatazama tena dari. Mjuzi wa miji mikuu yote hakujua jina la mtu anayelala nyuma ya ukuta wake!

Mwenzetu Kindness, ambaye kunyamaza hakujui, akanong'ona, "Dokta, si kuna yule mama wa mbuzi?" Aibu ilinishika nikainama kufunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndala.

"Mama wa mbuzi ana jina," akasema Mwenyekiti. "Anaitwa Mama Laurian. Na saa kumi nafunga."

Tulimkuta uani, anapiga mbaazi kwa fimbo juu ya turubai. Daktari akatanua kifua. "Ewe mama mtukufu, jirani yangu katika kijiji kimoja cha ulimwengu, nasimama mbele yako kwa jina la mshikamano wa wanadamu..."

"Hujaniamkia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huu mwezi wa tatu tangu nimzike Baba Laurian. Walikuja watu wa Bagara, wakaja wa Mutuka, wafugaji wakatoka Hanang kwa miguu. Siku tatu nzima. Wewe wa ukuta mmoja ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ndani, mama. Naandaa mhadhara."

"Wa nini?"

Sauti ikapungua. "Wa kuhurumiana kwa mataifa."

Jamani, tulizoea kumcheka pembeni, lakini siku hiyo iliniuma. Alivua koti, akapiga magoti vumbini na suruali yake ya kazini. "Pole, mama. Nilikosa. Pole sana."

Mama Laurian akamnyooshea fimbo. "Nimepoa. Sasa shika fimbo. Sitoki hapa mbaazi hazijaingia ndani, mbuzi watazimaliza."

Enyi mashujaa mliolala makaburini, mngeona kipigo kile! Pigo la kwanza likapata ardhi, la pili likapata mguu wake mwenyewe. Hakurudi nyuma. Mbaazi ziliruka zikatuingia machoni, makapi yakaifunika miwani yake, viganja vikatoka malengelenge, na adui akasalimu amri, akajazwa magunia mawili.

Ndipo tukakimbia, Mama Laurian mbele na kanga kiunoni. Mwenyekiti alikuwa ameshika kufuli.

"Damiani, fungua. Huyu namfahamu."

"Tangu lini?"

"Tangu saa nane."

Mwenyekiti akacheka, akarudi mezani, akaupuliza muhuri. Pa! Majogoo wakawika Nangara yote, na hata kama hawakuwika, mimi nasema waliwika. Iandikwe, basi, katika tarehe za mkoa mpya: Eliakunda alitambuliwa!

Jumatatu aliingia ghalani, hakunguruma. Alisema tu, "Leo kila mtu ataje jina la jirani yake."

Walioweza walikuwa watatu. Mimi sikuwemo.