Bustani ya Kivulini ya Baba Shukrani

Jumatatu, 8 Septemba

Vitalia kaondoka asubuhi kwenda Litumbandyosi kumtunza mzazi. Binti yetu Shukrani kajifungua salama, Mungu asifiwe. Mama mtu atarudi Jumapili. Nimebaki na kuku, mbwa na wazo.

Wazo lenyewe ni hili. Nyuma ya nyumba kuna mparachichi mkubwa ambao Vitalia aliupanda tulipohamia hapa Mbinga. Chini yake hakuoti kitu. Kila alasiri yeye huketi pale na kigoda chake, anachambua maharage, macho yake uani kwa jirani Tarsisi. Tarsisi ana maua. Juzi mke wangu akasema pale kwa akina Tarsisi panampumzisha roho. Kasema mbele yangu! Mimi niliyemwezekea bati la rangi! Kauli hiyo iliniingia, na mpaka leo haijatoka. Mke akipumzikia roho uani kwa mwingine, huyo mume kazi yake nini?

Jumapili atakuta bustani chini ya mti wake. Asitazame tena upande ule.

Jumanne, 9 Septemba

Kikwazo. Maua yote ninayoyajua yanataka jua. Nimeulizia baada ya misa ya asubuhi. Katekista kasema huko Tingi yuko mwalimu mstaafu, Emerensiana, mwenye kitalu cha mimea ya kivulini peke yake. Nikacheka. Nani anauza vitu vya kukaa gizani? Kesho naenda.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata lifti kwenye gari la dagaa lililokuwa linashuka tupu Mbamba Bay. Nikashukia njiani, nikamalizia kwa bodaboda.

Kitalu kiko bondeni, chini ya miti mirefu, kando ya kijito. Nilimpa Mwalimu shikamoo, akaiitikia kama anaita majina darasani. Nikasema nataka mimea. Akasema kwanza nimweleze kivuli changu. Ni cha asubuhi au cha jioni? Kizito au chepesi? Cha mti gani, na nani anakitumia? Lo! Nilipokwenda kuposa sikuulizwa maswali yote hayo. Nikamjibu kwamba kivuli changu ni cha daraja la kwanza.

Akanitembeza. Kuna majani mapana yenye wekundu katikati, kuna begonia, kuna vitu vyenye madoa kama kanga wa porini. Halafu kangaga, yale yale tunayoyafyeka mtoni kila mwaka! Nikamwambia kwetu haya tunayatupa. Akasema basi niende nikayaokote. Anajisikia sana yule mama.

Ila niseme kweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Alipokwenda kuniandalia miche nilikaa kwenye benchi lake, na kitu fulani kikanishuka mabegani. Ubaridi mzuri. Maji yanapita. Hakuna jani linalojionyesha. Nikamfikiria Vitalia, nikatamani angekuwa ameketi pale pembeni yangu, hata tusiseme kitu. Sikumbuki mara ya mwisho tulipokaa hivyo. Ningekaa zaidi, lakini nikamkumbuka Tarsisi, nikainuka.

Mwalimu kaniagiza: kivuli kiwe chepesi, mwanga upenye kidogo kidogo, jua la mchana lisiiguse miche kabisa. Nikamwambia mimi ni mkulima wa kahawa, asinifundishe kivuli.

Alhamisi, 11 Septemba

Jana jioni nilirudi na gari lile lile, safari hii limejaa dagaa. Miche ilikaa juu ya magunia. Nimepanda asubuhi yote. Imependeza jamani, nikabaki nimesimama na jembe mkononi.

Tatizo ni paka. Paka wa mtaa mzima wamekuja kulamba begonia. Tarsisi kachungulia juu ya ua, akauliza kama nimefungua biashara ya samaki. Nikamwambia atazame vizuri. Akatazama. Akasema anaona paka tu, huko kwangu kuna giza.

Giza! Bustani yote ile na jirani haioni! Sasa nilichimba kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya Vitalia, najua. Lakini na Tarsisi naye aione.

Ijumaa, 12 Septemba

Usiku wazo likaja lenyewe. Mwalimu alisema kivuli chepesi. Changu kizito. Na huu si ndio msimu wa kupogoa? Kahawa imeshavunwa, misumeno imenolewa, na mkono wangu wa kupogoa unajulikana ushirika mzima. Watu huniita mashambani mwao. Mparachichi nao ni mti.

Nikakata tawi moja, la upande wa Tarsisi. Mwanga ukaingia vizuri. Ila mti ukaonekana umelalia upande. Nikakata la upande wa pili kuusawazisha. Sasa katikati kukawa kumesongamana, na kahawa tunafundishwa kufungua katikati. Nikafungua. Halafu yale machipukizi yanayosimama wima, mkulima gani anayaacha? Nikayaondoa. Kazi ilininogea, nikaimba hata zaburi.

Niliposhuka chini nikatazama juu. Nikaona mbingu. Kwa kahawa ni kazi safi kabisa, hakuna mtu angeikosoa.

Tarsisi sasa anaona kila kitu. Katazama kwa muda mrefu, kavua kofia, akaingia ndani. Wivu huo.

Jumamosi, 13 Septemba

Jua la Septemba halina huruma. Kufikia saa nane begonia zimeiva kama mchicha wa jana. Yale majani mapana yamejikunja, yana kingo za kahawia. Nimemwagilia mara nne. Nimefunika na shuka, na shuka zenyewe ni zile nzuri za Vitalia. Paka wamelala juu yake.

Nimempigia Mwalimu simu kumshtaki kwa kuniuzia miche dhaifu. Kauliza mti uko wapi. Nikasema upo. Akauliza upo kiasi gani. Simu ikakatika. Sawa, nimeikata mimi.

Jumapili, 14 Septemba

Vitalia kafika baada ya misa, kachoka, mgongo unamuuma. Kabla sijamshika mkono nimpeleke, kachukua kigoda chake akaenda nyuma mwenyewe.

Akasimama na kigoda mkononi. Akatazama mimea iliyoungua, akatazama shina. Hakugomba. Afadhali angegomba! Akauliza tu sasa atakuwa anakaa wapi.

Nikamweleza yote: maua ya Tarsisi, ile kauli yake ya kupumzika roho, Tingi, Mwalimu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema maua ya Tarsisi hata rangi yake haijui. Alichokuwa anakitazama ni Tarsisi na mkewe Beata wanavyokunywa chai pamoja kila alasiri, wamekaa tu. Akaenda kulala.

Nimekaa na neno hilo jioni nzima. Limeniuma pabaya. Miaka yote hii mke wangu alikuwa anahitaji mtu mmoja kwenye kigoda cha pili, na mtu huyo yuko juu ya mti na msumeno.

Jumatatu, 15 Septemba

Leo alasiri Vitalia kaweka vigoda viwili kwenye kile kivuli chembamba cha ukuta wa jiko, kapika chai, akaniita. Nikaenda mbio. Tukakaa. Bega langu kivulini, goti langu juani. Akanisimulia mjukuu alivyo na masikio yangu, tukacheka mpaka chai ikamwagika. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi mwaka huu wote. Hivi ndivyo tutakavyokaa kila siku, nikajiapia moyoni.

Halafu nikaona goti lake nalo liko juani. Ukuta ni mfupi mno. Ukiongezwa kozi tatu za matofali kivuli kitafika mpaka uani kwa Tarsisi, na Beata mwenyewe ataomba kuja kukaa kwetu! Nikainuka kwenda kutafuta ngazi. Vitalia kaniuliza naenda wapi na chai haijaisha.

Nimemwambia anisubiri hapo hapo. Naandika haya nikiwa juu ya paa la jiko. Ananiita mara ya pili sasa. Nakuja, mke wangu, nakuja, nimalize tu kupima.